Upasuaji wa sakafu ya fuvu

Upasuaji wa sakafu ya fuvu ni tawi la upasuaji linaloshughulikia uvimbe, kasoro za mishipa ya damu na majeraha yaliyo kwenye mifupa inayoubeba ubongo kwa chini. Sakafu hiyo huutenga ubongo na macho, pua, koo na masikio. Ina matundu mengi, na ndani yake hupita uti wa mgongo, ateri zinazolisha ubongo na jozi 12 za neva zinazohusika na kunusa, kuona, kusikia, kumeza, sauti na misuli ya uso.

Uvimbe wa mahali hapa ni mgumu kufikiwa kwa sababu umefunikwa na ubongo kwa juu na uso kwa mbele. Ubongo ukisukumwa kando ili kumpa daktari nafasi, huweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa hiyo kanuni kuu ni kuondoa mfupa zaidi ili ubongo usiguswe. Kanuni ya pili ni kuufikia uvimbe kutoka upande ambao hauna neva wala ateri kubwa njiani.

Njia za mbele

Katikati ya sakafu, nyuma ya pua, kuna kishimo ambamo hukaa tezi ya pituitari. Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Austria, Hermann Schloffer aliondoa uvimbe wa tezi hiyo kwa kuchana kando ya pua na kuigeuza. Mwaka 1910 Oskar Hirsch wa Vienna alipitia tundu la pua, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi tu. Nchini Marekani, Harvey Cushing alichana chini ya mdomo wa juu. Kati ya 1910 na 1925 alipasua wagonjwa 231 kwa njia hiyo, na asilimia 5.6 walifariki. Baadaye alirudia kufungua fuvu, na madaktari wengi wakamfuata. Njia ya pua ilibaki hai kwa Norman Dott wa Edinburgh, aliyemfundisha Gérard Guiot wa Paris. Katika miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal aliongeza hadubini, na miaka ya 1990 endoskopu, yaani mrija mwembamba wenye kamera, ikaenea.

Leo daktari wa pua na daktari wa ubongo hufanya kazi pamoja, wakitazama picha ya endoskopu kwenye skrini. Hupitia puani hadi kwenye uwazi wa mfupa wa sfenoidi. Ukuta wa nyuma wa uwazi huo ni mwembamba kama ganda la yai. Kushoto na kulia kwake hupita ateri za karotidi, kwa hiyo ukuta hufunguliwa katikati tu. Utando wa ubongo huchanwa, na uvimbe hutolewa kidogokidogo kwa vijiko vidogo na mrija wa kunyonya. Tundu kubwa huzibwa kwa mafuta yaliyotolewa tumboni au pajani, kisha hufunikwa kwa ngozi laini ya ndani ya pua iliyoachwa na mshipa wake wa damu.

Njia za pembeni na za nyuma

Uvimbe wa neva ya kusikia hukua kati ya sikio na shina la ubongo. Kuna njia kuu tatu za kuufikia. Ya kwanza hupita katika sikio la ndani, na ilienezwa na William House wa Los Angeles tangu miaka ya 1960; haisukumi sana ubongo, lakini sikio hilo hupoteza usikivu moja kwa moja. Ya pili hupita nyuma ya sikio na ya tatu juu yake. Zote mbili huacha uwezekano wa kuokoa usikivu, hasa uvimbe ukiwa mdogo.

Uvimbe ulio mbele ya shina la ubongo huweza kufikiwa kwa kuchonga ncha ya mfupa wa sikio, mbinu iliyoelezwa na Takeshi Kawase wa Japani mwaka 1985. Ulio karibu na tundu kubwa la fuvu hufikiwa kutoka nyuma na pembeni ya shingo.

Madhara

Maji ya uti wa mgongo yanaweza kuvuja kupitia pua au kidonda, na uvujaji huo ukileta vijidudu husababisha homa ya uti wa mgongo. Kujeruhiwa kwa karotidi hutokea mara chache lakini huweza kuua. Neva ikiumia, mgonjwa huweza kupooza uso, kuona vitu viwiliviwili au kupaliwa anapomeza. Pituitari ikiguswa, anaweza kukojoa sana na kushikwa na kiu kisichokatika.

Uchaguzi wa tiba

Njia huchaguliwa baada ya picha za CT na MRI, kwa kuzingatia aina ya uvimbe, ukubwa wake na hali ya neva. Si kila uvimbe hupasuliwa: mdogo wa neva ya kusikia huweza kufuatiliwa kwa picha au kutibiwa kwa mionzi. Uvimbe wa pituitari unaotoa homoni ya prolaktini kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa vidonge, ndiyo maana homoni hiyo hupimwa kwenye damu kabla mgonjwa hajapangiwa upasuaji.