Kabla Ubonyeze Enter

Nilipoacha chuo, nilipata kazi kwenye saiba moja mtaani. Kila jioni niliwasha skripti ya kufuta faili za wateja. Niliiandika mimi, na haikuuliza mtu kitu. Siku moja ikafuta barua ya kuomba kazi ya mama aliyekuwa ametoka tu kutafuta pesa ya kuprinti.

Ndiyo nikaanza kusoma historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitumia Unix kwa teletaipu, mashine iliyochapa kila herufi kwenye karatasi. Ukikosea, wino haufutiki. Kwa hivyo ulipiga #, na kompyuta ikasahau herufi iliyotangulia. @ Ilifuta mstari mzima. Kosa lilibaki kwenye karatasi, lakini halikufikia programu, kwa sababu mfumo ulishikilia maneno yako hadi umalize mstari.

Mwaka wa 1979, Unix toleo la 7 ilikuja na sheli ya Stephen Bourne, programu ya kupokea amri. Ndani yake kulikuwa na amri ya read: skripti inasimama, inakungoja ujibu, inahifadhi jibu. Sheli za leo bado zinayo.

Skripti yangu sasa inauliza, "Nifute?" Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, hiyo ni hapana.

Barua ya yule mama tuliiandika upya, bure. Kila mstari nilimsomea kwanza: "Niendelee, mathe?"