Kisu cha Mama na Mapafu ya Sheffield



Mwezi uliopita nilifungua sanduku la marehemu mama lililotoka Mombasa. Ndani nikakuta kisu chake cha jikoni: kutu tele, ncha imevunjika, na katikati ya makali kuna pengo kubwa kiasi cha punje ya mchele. Kwenye bapa bado lasomeka neno moja, Sheffield. Mwanangu akaniambia, "Baba, kitupe tu, dukani kipya ni pauni tano." Sikukitupa. Na sababu si kumbukumbu ya mama peke yake, ni historia ya neno lile pia.

Sheffield imesifika kwa visu tangu zamani. Chaucer alikitaja kisu cha huko mwishoni mwa karne ya 14, na chama cha mafundi visu, Company of Cutlers in Hallamshire, kiliundwa kisheria mwaka 1624. Mji ulijaliwa mito ya kuzungusha magurudumu, na mawe ya mchanga ya kunolea. Sasa hapo ndipo penye msiba. Jiwe la mchanga limejaa silika. Mnoaji aliinama juu ya gurudumu kutwa, na jiwe lilivyolika ndivyo vumbi lake lilivyoingia kifuani. Mitambo ya mvuke ilipokuja mwishoni mwa karne ya 18, kazi ikahamia kwenye vyumba vilivyobanana vya mjini, wala haikungoja tena mto ujae.

Engels, katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alimnukuu Dk. Knight wa Sheffield: walionoa kwa jiwe kavu kwa wastani walifika miaka 35 kwa shida, na walionoa kwa jiwe lililoloweshwa ilikuwa nadra kuvuka 45. Yaani miaka kumi ya uhai, tofauti ni maji! Ajabu zaidi, Engels asema wanoaji wenyewe walikipinga kifaa cha kunasa vumbi, wakihofu kwamba kazi ikiwa salama watakuja watu wengi na ujira utashuka. Jamani, tusiwacheke. Mwenye njaa huitazama leo kabla ya kesho.

Mwaka 1891 Edward Acheson, huko Pennsylvania, Marekani, alitengeneza kwa nguvu za umeme kitu kigumu mno cha silikoni na kaboni, akakiita carborundum. Katika karne ya 20 mawe ya kutengenezwa kiwandani yakachukua nafasi ya jiwe la mchanga, na vumbi la silika likapungua sana katika kazi ya kunoa.

Basi vinoo nilivyonunua ni vya kiwandani. Kutu niliitoa kwa msasa laini na mafuta. Nikalowesha kinoo namba 220. Ncha niliirudisha kwa kusaga mgongo ushuke mpaka ukutane na makali. Ukifanya kinyume unapoteza chuma cha kukatia. Kwa ajili ya pengo, nilikisimamisha kisu karibu wima nikasaga makali yote mpaka pengo likaisha. Hiyo si kazi ya mchezo, saa mbili na ushee, na mwisho wake kisu kikawa butu kama rula. Kisha nikakilaza nyuzi 15 hivi, nikanoa upande mmoja hadi kidole kikahisi chuma kimejikunja upande wa pili, ndipo nikageuza. Nikamalizia kwa namba 1000 na 3000.

Kisu kimepungua kama milimita mbili. Tope jeusi likabaki kwenye sinia, halikuingia kifuani mwangu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wale wa Sheffield walivinoa visu vya dunia nzima na wengi hawakuishi kuila hiyo nyama.

Jana mwanangu alikatia nyanya, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kinoo nakiweka wapi. Nanyi mkiwa na kisu cha namna hii kabatini, msikitupe. Na mkinoa, lowesheni jiwe.