Mzio na Vumbi la Karasha

Ukisimama karibu na karasha la wachimbaji wadogo Rwamgasa, mkoani Geita, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni kope. Kijana anayelilisha mawe ana kope nyeupe kama za babu yake. Kitambaa alichojifunga mdomoni kimeshika unga wa mwamba hadi kimekakamaa. Anakohoa, anatema, anaendelea. Muulize ana nini, atakujibu: "Aleji tu." Aliyezoea kusikiliza vipindi vya afya redioni atasema "mzio".

Nalipenda neno mzio. Zamani lilitaja chakula ambacho mtu amekatazwa kula, kwa amri ya mganga, kwa desturi ya ukoo au kwa sababu mwili wake haukitaki. Linatokana na kuzia, kujiepusha na kitu. Madaktari walipotafuta neno la aleji walilikuta nyumbani, limekaa tayari, na linafaa kweli, kwa kuwa mzio ni wa mtu. Karanga zinamfunga pumzi mmoja, wenzake wanatafuna na kuomba nyingine. Kosa liko katika kinga ya mwili wake, imedhani karanga ni adui.

Unga wa mwamba hauchagui hivyo. Chembe za silika zikiingia ndani kabisa ya mapafu, zinayachoma, yanawaka, kisha yanafanya kovu juu ya kovu, kwa huyu na kwa jirani yake. Huo ni ugonjwa wa silikosisi, na mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kumwambia mtu huyo ana mzio ni kumwambia kasoro ni ya mwili wake, wakati kasoro iko kwenye karasha.

Jina la ugonjwa huvuta dawa. Aliyeambiwa ana mzio atatafuta dawa ya mzio, na mojawapo ya tiba zinazojinadi kwa hilo duniani ni homiopathi. Kwetu imeingizwa katika kapu la "tiba mbadala", neno lililomo katika jina la Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na wengi hudhani ni mitishamba. Sivyo. Mjerumani Samuel Hahnemann aliitangaza mwaka 1796 kwa kanuni ambayo Mswahili angeitamka hivi: dawa ya moto ni moto. Kinachomuumiza mzima, alisema, kitamponya mgonjwa, mradi kizimuliwe. Tone moja katika matone 100, kisha tone la mchanganyiko huo katika 100 mengine, mara 30. Kufika mara ya 12 hivi, hakuna tena chembe ya dawa ya kutarajiwa ndani ya chupa. Moto umekwisha, limebaki jina lake.

Wapo waliopima. Mwaka 1986 jaribio la homiopathi kwa wenye mzio wa chavua, lililoongozwa na David Reilly wa Glasgow, lilitoa matokeo ya kutia moyo, nayo yalistahili kurudiwa. Mwaka 2002 George Lewith na wenzake, huko Uingereza, waliwapa wagonjwa wa pumu wenye mzio wa utitiri wa vumbi la nyumbani dawa iliyozimuliwa kutokana na utitiri huohuo. Walikuwa 242, wengine wakipewa dawa tupu, isiyotiwa kitu, bila kujua. Mwishowe dawa haikuishinda dawa tupu.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la baridi yabisi, la Sarah Brien na wenzake, mwaka 2011. Wagonjwa walioketi na mtabibu wa homiopathi wakasikilizwa kwa kirefu walipata nafuu. Vidonge havikuongeza kitu. Kiswahili kina maneno ya kulieleza hili: nafuu si kupona, na mganga si dawa yake. Tuyatumie.

Kusikilizwa, basi, ni haki ya kijana wa Rwamgasa pia. Mganga wa zahanati, kabla hujaandika "mzio" kwenye daftari lake, muulize anafanya kazi gani na kwa miaka mingapi, kisha umtume akapigwe picha ya kifua. Silikosisi haina dawa ya kuiondoa. Jiwe likilowanishwa kabla ya kusagwa, vumbi hupungua sana.