Vipele vya Mutoto Muchanga: Jana na Leo

Hapa kwetu Bukavu, mutoto akizaliwa, wamama wa jirani wanakuja kumuona. Mbele ya juma kuisha, mumoja atasema: "Ona vipele kwa uso!" Hapo kila mutu analeta dawa yake: mafuta ya mawese, maji ya majani, sabuni fulani. Tusiwacheke. Woga ule una historia.

Wazee wetu waliona ndui. Iliua watoto wengi, na waliopona walibaki na makovu usoni. Katika inchi yetu kampeni kubwa ya kuimaliza ilianza mwaka wa 1968, mugonjwa wa mwisho akaonekana mwaka wa 1971. Mwaka wa 1980, OMS ikatangaza kwamba ndui imekwisha duniani pote.

Katikati ya miaka ile, mwaka wa 1970, kule Basankusu, katika Equateur, mutoto wa miezi 9 alipelekwa hospitali na vipele. Walizani ni ndui. Kumbe ni ugonjwa ambao haukuwa umeonekana bado kwa mutu, ule tunaouita leo Mpox. Katika jamaa yake, ni yeye peke yake hakuchanjwa ndui. Mpox ile alipona. Kiisha surua ikamushika, ikamuua. Ugonjwa mugeni alishinda. Ule uliozoeleka ndio ulimumaliza.

Mpox ikatufikia na sisi. Mwaka wa 2023 aina yake mupya ilianza kujulikana kule Kamituga, na mwezi wa 8 mwaka wa 2024 OMS ikatangaza hali ya hatari kwa dunia, iliyoondolewa mwezi wa 9 mwaka wa 2025. Tangu pale wazazi wengi wanashituka kwa kila kipele.

Lakini vipele vingi vya siku za kwanza si ugonjwa. Vidoti vyeupe puani na madoa mekundu yenye kuja na kuondoka vinaisha vyenyewe. Vingine tunavileta sisi. Muji wetu uko juu, zaidi ya mita 1 400, na asubuhi ni baridi. Basi tunamufunga mutoto kofia, sweta na blanketi mbili, na jua likiwaka hatuondoi kitu. Jasho linajaa, shingo inatoka vipele vya joto. Hapo mawese yanazidi kuziba ngozi, na majani yanaweza kuichoma. Tumupunguzie nguo, tumuogeshe kwa maji safi, inatosha.

Lakini vipele vikija na homa, ao mutoto akikataa ziwa, ao vikijaa maji ao usaha, tusingoje kesho: ni kituo cha afya siku ileile.

Wamama wazee walitufundisha kumutazama mutoto vizuri, mwili muzima, kila akiogeshwa. Desturi hiyo tuishike. Tuongeze jambo moja ambalo wao hawakuwa nalo: akitimiza miezi 9, apate chanjo ya surua. Yule wa Basankusu alikuwa na miezi hiyohiyo.