Historia ya Bonde Moja: Mtawanyiko wa Protoni na Antiprotoni

Mtawanyiko nyumbufu, yaani tukio ambalo chembe mbili hugongana kisha zikaachana zikiwa nzima, bila kuvunjika wala kuzaa chembe nyingine, ni tukio sahili kulitaja na gumu mno kulikokotoa, kwa kuwa nadharia ya nguvu kali inayozifunga kwaki ndani ya protoni haifikii kwa urahisi migongano ya pembe ndogo. Wanafizikia wakalazimika kujenga modeli, yaani picha za kihisabati zinazorekebishwa kila vipimo vipya vinapopatikana.

Mwaka 1958 Isaak Pomeranchuk wa Umoja wa Kisovyeti alitoa hoja kwamba, nishati inapopanda sana, uwezekano wa protoni kugongana na protoni na ule wa kugongana na antiprotoni, pacha wake mwenye chaji kinyume, hulingana. Na kile kinachodhaniwa kupokezanwa na chembe hizo kikaitwa pomeroni kwa heshima yake. Wengi walitarajia uwezekano huo utulie, hadi mtambo wa ISR wa CERN, Geneva, uliogonganisha protoni kwa mara ya kwanza Januari 1971, ulipoonyesha mwaka 1973 kwamba unaongezeka. Mwaka huohuo Leszek Łukaszuk na Basarab Nicolescu walipendekeza mwenza wa pomeroni, aliyeitwa baadaye oderoni, ambaye mchango wake hugeuka ishara antiprotoni inapochukua nafasi ya protoni. Kwa lugha ya leo, pomeroni huanza na gluoni mbili, yaani chembe zinazobeba nguvu kali, na oderoni huanza na tatu.

Mahali pa kumtafuta palijulikana. Idadi ya chembe zinazotawanyika hushuka haraka kadiri pembe inavyopanuka, na kwa protoni mchoro wake huzama katika bonde kabla ya kuinuka tena kidogo. Hapo mchango mkuu wa pomeroni hukaribia kujifuta, na kilicho kidogo huweza kuonekana. Muda mfupi kabla ya ISR kufungwa mwaka 1984, chembe zote mbili zilipimwa humo kwa nishati ya elektronivolti bilioni 53: protoni zikatoa bonde, antiprotoni zikatoa kitu kama bega tambarare. Takwimu zilikuwa chache, na katika nishati hiyo ya chini ubadilishanaji wa mesoni ungeweza kueleza tofauti yote. Kipimo kingine cha CERN cha mwaka 1987, kilichowapa moyo watetezi wa oderoni, kilirekebishwa na kipimo bora cha 1993, jambo lililoonyesha hatari ya kujenga modeli juu ya namba moja isiyo imara.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa mitambo yenyewe. Tevatron ya Marekani iligonganisha protoni na antiprotoni kwa elektronivolti trilioni 1.96, ilhali LHC ya CERN hugonganisha protoni kwa protoni. Vikundi vya utafiti vya D0, cha Tevatron, na TOTEM, cha LHC, vilichukua vipimo vya LHC vya trilioni 2.76, 7, 8 na 13, vikafuatilia jinsi bonde linavyosogea, vikakadiria umbo lake katika trilioni 1.96, kisha vikalilinganisha na vipimo vya antiprotoni vya D0, na viwili hivyo havikulingana. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yakiunganishwa na vipimo vingine vya TOTEM, yalitangazwa kuwa ugunduzi wa oderoni. Wapo wananadharia wanaopinga, na hoja yao ina uzito, kwani Tevatron ilizimwa mwaka 2011 na bonde la protoni halijawahi kupimwa katika nishati hiyohiyo.