Suleiman Nyambui: Mwana wa Majita aliyetamba Marekani, akatwaa fedha Moscow

KWA wasomaji wa kizazi hiki, Mtanzania aliyevuma katika michezo ya Marekani ni Hasheem Thabeet, mcheza kikapu wa Dar es Salaam aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. Hata hivyo, miaka 30 kabla yake, mwanariadha kutoka Mkoa wa Mara alikuwa amekwishatamba katika michezo ya vyuo vikuu vya nchi hiyo. Huyo ni Suleiman Nyambui.

Nyambui alizaliwa Februari 13, 1953, Majita, Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Msafiri atokaye Mwanza akishaipita Bunda kuelekea Musoma mjini, huiacha Majita mkono wa kushoto, upande wa ziwa, na Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, mkono wa kulia. Ujirani huo una maana katika habari hii, kwani medali kubwa ya mwana wa Majita ilitegemea pia uamuzi wa mwana wa Butiama.

Texas

Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso (UTEP) kiko mpakani mwa Marekani na Mexico, katika nchi kame iliyo mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na ufuko wa Ziwa Victoria. Chuo hicho kilikuwa na jina katika michezo tangu mwaka 1966, kilipotwaa ubingwa wa kikapu wa vyuo vikuu kwa kuanza fainali na wachezaji watano, wote weusi, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika fainali hizo.

Katika miaka ya 1970 UTEP iligeukia Afrika kutafuta wakimbiaji. Mbali na Nyambui, Watanzania Gidamis Shahanga na Zakaria Barie walipita hapo, pamoja na Wakenya kadhaa, akiwamo Michael Musyoki.

Nyambui hakuwa kijana mdogo. Mwaka 1979, alipotwaa ubingwa wa vyuo vikuu katika mita 10,000, alikuwa na miaka 26, wakati wengi wa wapinzani wake walikuwa bado hawajafikisha 23. Aliutetea ubingwa huo mwaka 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo. Mwaka 1980 alikuwa pia bingwa wa mbio za nyika wa vyuo hivyo. Februari 1981, jijini New York, alikimbia mita 5,000 ndani ya ukumbi kwa dakika 13:20.4, muda ambao haukuwa umefikiwa na yeyote duniani katika mbio za ukumbini.

Siku hizo riadha ilikuwa ya ridhaa. Alichokipata mkimbiaji kwa jasho lake hakikuwa mshahara kama wa wacheza kikapu wa kulipwa, bali ada ya masomo, malazi, kocha na mashindano ya mara kwa mara.

Ali atua Dar es Salaam

Desemba 1979 majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani akazitaka nchi zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka uliofuata. Februari 1980 alimtuma bondia Muhammad Ali katika nchi tano za Afrika kuomba uungwaji mkono, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea.

Tanzania ilikuwa na sababu zake. Mwaka 1976, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Marekani haikuunga mkono msimamo huo. Gharama yake ilimwangukia Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500. Alibaki nje huku John Walker wa New Zealand akitwaa dhahabu.

Safari hii Tanzania ilikwenda. Kenya ilisusia. Kwa hiyo Nyambui, mwanafunzi wa chuo cha Marekani, aliondoka kwenda Moscow, na Mkenya Musyoki hakushiriki. Musyoki alisubiri hadi Los Angeles mwaka 1984 kupata medali yake ya shaba katika mita 10,000.

Sekunde moja haikufika

Fainali ya mita 5,000 ilikimbiwa Agosti 1, 1980. Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekuwa amekwishashinda mita 10,000, alimaliza kwa dakika 13:20.91. Nyambui alimfuata kwa 13:21.60, na Kaarlo Maaninka wa Finland akawa wa tatu kwa 13:22.00. Siku moja kabla, Bayi alikuwa ametwaa fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Baada ya hapo Nyambui aligeukia marathoni. Alishinda Berlin mwaka 1987 kwa saa 2:11:11, akarudia mwaka 1988 akiwa na miaka 35, wakati mji huo ulikuwa bado umegawanywa na ukuta. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania (RT).

Medali hizo mbili za Moscow ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024. Katika mashindano ya dunia Alphonce Simbu alivunja ukame kwa dhahabu ya marathoni jijini Tokyo, Septemba 2025, lakini daftari la Olimpiki halijaongezewa mstari.

Maisha ya Nyambui yanaonyesha kwamba chuo cha ng'ambo kinaweza kumpa mkimbiaji kocha, uwanja na wapinzani. Mlango wa Olimpiki, hata hivyo, hufunguliwa au kufungwa na nchi yake. Kwa Bayi mwaka 1976 ulifungwa. Kwa Nyambui ulikuwa wazi, naye alikuwa tayari.