Otesha: Msafara wa Baiskeli Uliozaliwa Kenya

Mwaka 2002 wanafunzi wawili wa Kanada, Jessica Lax na Jocelyn Land-Murphy, walikutana Kenya walikokuja kusoma. Waliyoyaona huku yaliwafanya wayatazame upya maisha ya kwao: maji yanayomwagwa bafuni bila hesabu, gari linalowashwa kwa safari ya dakika tano, nguo zinazonunuliwa leo na kutupwa kesho. Hawakubaki kutufundisha sisi namna ya kuishi. Walirudi nyumbani kuzungumza na vijana wenzao, na kwa uamuzi huo pekee wanastahili kukumbukwa. Shirika waliloanzisha walilipa jina la Kiswahili, Otesha.

Mwaka uliofuata vijana 33 waliondoka Vancouver, kwenye pwani ya Pasifiki, wakielekea Newfoundland upande wa Atlantiki. Katikati kuna Milima ya Rocky, nyanda za ngano zenye upepo mkali, na bahari ya kuvuka kwa feri. Njia nzima walinyonga baiskeli huku wakisimama shuleni na kwenye kumbi za jamii, na watu zaidi ya 12,000 wakawasikiliza.

Hotuba hawakutoa, waliigiza. Mchezo wao ulifuata asubuhi ya kijana wa kawaida: anaoga, anavaa, anakula, anachagua chombo cha kumfikisha aendako. Kila hatua ilionyeshwa inakotoka na inakoishia, kuanzia mkulima wa kahawa hadi jalala. Huo ulikuwa uteuzi wa busara sana. Mtoto wa miaka kumi hana sauti bungeni wala kiwandani, lakini bomba la maji analifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni hao waliaminiwa kwa sababu waliishi walichokisema. Vifaa vya maigizo vilisafiri kwa baiskeli. Chakula walipika pamoja, wakitafuta mazao ya eneo walilopita na kukwepa vifungashio vya plastiki. Mwanafunzi aliyeuliza, "Nanyi mmefikaje hapa?" alioneshwa baiskeli zilizoegemezwa ukutani.

Makao ya shirika yalikuwa Ottawa. Misafara mingine ilifuata katika majimbo mbalimbali, kitabu kikachapishwa, na mwaka 2007 tawi likaanzishwa Uingereza, nalo likaanza kuwapeleka vijana shuleni kwa baiskeli.

Wazo lililoota Kenya lilizaa matunda mbali, na hakuna sababu lisirudi. Vilabu vya wanyamapori vimo katika shule za Kenya tangu Wildlife Clubs of Kenya ilipoundwa mwaka 1968, na baiskeli hazikosekani vijijini kwetu. Walimu walezi wa vilabu hivyo, pangeni msafara wa shule tatu au nne za jirani likizo ijayo, na mchezo waachieni watoto wautunge wenyewe.